Mara ya Nne Majini

Tillery Bend, Mississippi
14 Oktoba 1969

Mdogo wangu Otha,

“Ardhi hii ni ya waliozama majini. Aliyebaki ukingoni akazikwe huko huko ukingoni.” Hayo ni maneno ya Shemasi Elzie Broadnax. Aliyatoa Jumamosi, udongo wa kaburi la mama yetu ukiwa bado mbichi, paja la kuku mkononi, mara tu gari lako lilipopinda kushika barabara ya Memphis.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Ulifika salama? Mimi mwili hauna neno, ila presha imepanda. Presha hiyo ina jina, na jina lake nimeshalitaja.

Chanzo ni mimi. Niliwaambia mashemasi wosia wa Mama: kulia kwake yupo Baba, kushoto pabaki wazi, ni pa Otha. Broadnax akacheka. Akasema wewe hujabatizwa, na makaburi ya kanisa ni ya waliobatizwa tu. Eti kila kiangazi, miaka mitatu mfululizo, ulikaa kwenye benchi la toba na watoto wenzako na hukuinuka hata mara moja kusema umeguswa na Roho, na mtu wa namna hiyo hana haki ya kumwanzishia mama yake wimbo, sembuse kulala ubavuni pake. Ndiyo maana siku ya maziko alikukatalia kuuongoza kanisani wimbo wa Baba, ule aliokuwa akiuongoza yeye enzi zake. Nilikuona ulivyorudi kukaa, umeshika kofia kwa mikono miwili. Sitasahau.

Nilimjibu, na wanawake wote wa jikoni walisikia. “Shemasi,” nikasema, “wewe uliinuka kwenye benchi lile mwaka 1919 kwa sababu shangazi yako Zipporah alikufinya. Alisimulia mwenyewe kila Pasaka: ‘Mtoto kapiga kelele, kanisa likadhani ni Roho.’” Waliokuwa wakiosha vyombo ilibidi washike meza. “Otha alikaa pale, wenzake wakiinuka mmoja mmoja, kina mama wakimlilia, jasho likimtiririka, kwa kuwa hakusikia kitu na hakutaka kusema amesikia. Kati yenu wawili, nani alimheshimu Mungu?”

“Dada Ludessa,” akasema, “shule imekuharibu.”

“Shule imenifundisha kusoma, Shemasi. Nimezisoma kanuni za Kanisa la Pisgah Ndogo toka jalada hadi jalada. Huo ukingo wako haumo.”

Pahali pako napalinda. Nimepachomeka jiwe, na kila Jumapili nalitazama kama halijahamishwa.

Dada yako,
Ludessa


Memphis
30 Novemba 1969

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Mimi sijambo, koo halijambo, mgonjwa ni gari. Na presha yako? Acha chumvi na umwache Broadnax, vyote viwili vinapandisha.

Usinipiganie kaburi. Nina miaka thelathini na moja, Dada. Majira haya natafuta koti.

Lakini nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ule wimbo wangu ambao redio haziuachi, “Mlango Mmoja”, siku ya kuurekodi mwenye studio alinifokea: “Otha, mbona unachelewa? Ngoma imeshapita, wewe bado unavuta neno!” Sikumweleza kwamba ndivyo Baba alivyokuwa akiongoza. Anautamka mstari, ananyamaza, kanisa linaupokea na kuuvuta taratibu kama watu wanaoburura gogo kulitoa matopeni. Mimi sina kanisa nyuma yangu, nina tarumbeta tatu na mpiga ngoma anayekunywa. Hata hivyo ile nafasi naiacha. Na watu wanaijaza, Dada! Wanawake wanaoshinda wakifua nguo za wengine, wanaume wa kiwanda cha matairi, wote wananijibu. Broadnax anasema namuuza Mungu. Mimi sijui namuuza nani. Najua tu kwamba wanaponijibu nasikia kitu kilicho karibu sana na kile nilichokisubiri kwenye benchi. Ni karibu. Si chenyewe.

Watu wa filamu wamenitafuta. Wanataka nipigwe risasi dakika ya kumi, nianguke juu ya meza ya kamari. Nimekubali. Mama hayupo tena wa kunikataza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko risasi.

Mdogo wako,
Otha


Kando ya mto, Louisiana
22 Mei 1974

Dada yangu,

U hali gani? Na wanafunzi wako, bado wanakuogopa? Mimi mzima, ila nina maji masikioni, na sababu utaiona sasa hivi.

Hii ni filamu yangu ya nne. Katika zile tatu nilikufa, na wewe ukaniandikia kwamba naanguka kama mtu anayeogopa kuchafua suruali. Safari hii naishi karibu hadi mwisho. Mimi ni muuaji aliyetoroka jela. Nafika kijijini, nabatizwa mtoni, ndipo wanikamate. Mwongozaji wa filamu, bwana mmoja mwembamba wa California, hakutaka waigizaji kwenye tukio la mtoni. Amelikodi kanisa zima la hapa, na kanzu zao nyeupe za ubatizo, na mchungaji wao, mzee Purvis Gaines.

Wamenizamisha mara saba! Mara ya kwanza wingu lilifunika jua. Ya pili mbwa alibweka. Ya tatu mama mmoja mnene wa kwaya aliitazama kamera akaipungia mkono. Ya nne niliharibu mimi. Ya tano na ya sita sijui walikosa nini. Ya saba ndiyo iliyowaridhisha. Kila mara mzee Gaines aliyatamka maneno yote, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, bila kupunguza hata moja. Mwongozaji akamwita kando: “Mzee, usijichoshe. Sauti tutaiweka baadaye. Wewe chezesha midomo tu.”

“Bwana mkubwa,” mzee akamjibu, “hilo la kuchezesha midomo silijui.”

Tulipomaliza alinishika mkono wa kulia akaukaza, kama mashemasi wanavyompokea mtu mpya kanisani. Akasema, “Kijana, nyinyi mmefanya kazi yenu. Na mimi nimefanya yangu.” Kisha akaenda zake kula kambare wa kukaanga.

Nakuandikia nimejifunga taulo. Nguo bado ziko kambani.

Mdogo wako,
Otha


Tillery Bend
9 Machi 1975

Mdogo wangu Otha,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na kichwa kisichovimba, maana mji mzima unakuzungumza. Mimi sijambo. Magoti ndiyo yananidai heshima ya uzee kabla ya wakati.

Filamu imefika, na jana nimeiona. Ukumbi ulijaa hadi ngazini, na hakuna aliyekaa kimya. “Otha, geuka, wako nyuma yako!” “Usimwamini huyo mwanamke, baba, macho yake mabaya!” Fundi wa viatu alisimama kabisa: “Huyo ni mtoto wa Shemasi Crume! Mimi nilimshonea viatu!” Akaambiwa akae, viatu vyenyewe vilikuwa vinabana. Lakini ulipoingia mtoni, Otha, ukumbi ulitulia kama umemwagiwa mchanga. Mtu mmoja akaanza kuvumisha wimbo wa Baba mdomo ukiwa umefumbwa. Sikugeuka kumtazama. Nilikuwa natafuta leso.

Nje, chini ya taa za mlango wa sinema, nani nimwone? Broadnax, kofia imeshuka mpaka puani.

“Shemasi! Sinema si ya shetani?”

“Nilikuja kukagua.”

“Haya, tupe ripoti ya ukaguzi.”

Akaivua kofia, na watu wakatuzunguka. “Dada Ludessa, miaka thelathini nimesimama majini nikiwapokea wanaobatizwa. Aliyepata hutoka amevunjika. Ndugu yako ametoka na macho makavu, kama mtu anayetoka kwa kinyozi. Ule ni mchezo.”

Nikamwambia mchungaji alikuwa mchungaji, maji yalikuwa maji, na maneno ni yale yale. Nikamwambia Naamani mwenye ukoma, wa kwenye Biblia, naye alizama Yordani mara saba ndipo akatakasika.

“Naamani hakulipwa,” akasema.

Watu wakacheka, Otha. Na mimi, ambaye sijawahi kukosa la kumjibu mtu huyu tangu nilipoota meno, nikaja nyumbani kutafuta kalamu.

Sasa nakuuliza. Kama uliamini, pale kushoto kwa Mama ni pako, na nitalitikisa kanisa hili mpaka misumari itoke. Sitaki habari za mwongozaji wala za mbwa. Ulipokuwa chini ya maji, uliamini? Ndiyo au siyo.

Dada yako,
Ludessa


Los Angeles
2 Mei 1975

Dada yangu,

Salamu nyingi na pole kwa magoti. Mimi sijambo. Hapa mvua haijanyesha tangu Pasaka, lakini mlimao wa uani umezaa. Nimepata kazi kwenye tamthilia ya televisheni. Nitakuwa polisi, na safari hii mimi ndiye ninayepiga watu risasi. Nimekutumia picha. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Mdogo wako,
Otha


Tillery Bend
20 Mei 1975

Otha,

Salamu zako zimefika. Afya yangu ni kama ulivyoiacha.

Nimekuuliza moja, umenijibu kumi, na ile moja haimo. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema jibu la ndugu yangu linakuja kwa posta. Jumapili mbili sasa Broadnax ananisubiri mlangoni: “Dada, posta imefika?” Naye anauliza kwa upole. Upole wake unaniua kuliko kejeli.

Kama ulikuwa unaigiza, sema uliigiza. Nitakupenda vile vile na nitapigana kwa silaha nyingine. Lakini kama umekuwa mtu mkubwa kiasi kwamba dada aliyekubeba mgongoni hastahili neno moja, basi usinipe na hayo mengine. Malimao hata hapa yapo.

Ludessa


Los Angeles
11 Mei 1987

Dada yangu,

Salamu za miaka kumi na miwili ni mzigo, sijui niutue wapi. U mzima? Naambiwa umestaafu kufundisha lakini bado unasahihisha hotuba za mchungaji anapokuwa bado anazitoa. Nilicheka. Nasema nilicheka, ila kicheko changu siku hizi hakitoi sauti. Februari wamenitoa koromeo. Ni saratani, nayo haikutosheka hapo, imeshuka kifuani. Mazungumzo yangu yote ni kwa kalamu, na hii ndiyo barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Ivumilie.

Kabla ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Muziki ulibadilika, wakataka mashine badala ya tarumbeta. Niliimba kwenye maonyesho ya kilimo, kati ya mashindano ya nguruwe na fataki. Kwenye televisheni nilitoka kuwa polisi nikawa baba wa polisi, kisha jirani anayefungua mlango na kusema “Sijaona kitu, afisa.” Sikuona aibu. Kila mlango niliufungua vizuri.

Sasa swali lako.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba mara ya nne niliharibu mimi? Hivi ndivyo nilivyoharibu. Mzee Gaines alinizamisha, na huko chini sikusikia sauti yoyote wala kuona mwanga. Nilisikia ile nafasi, Dada. Ile nafasi aliyokuwa akiiacha Baba baada ya mstari. Miaka yote nilikuwa nikiiacha mimi ili watu wajibu. Safari hii iliachwa kwa ajili yangu, na aliyekuwa akisubiriwa kujibu ni mimi. Niliinuka nikilia kwa sauti, makamasi yananitoka, mzee Gaines na mama yule mnene wamenibeba. Mwongozaji akapiga kelele: “Kata! Kata! Otha, umezidisha! Huyu ni mtu mgumu, halii. Nipe macho makavu.” Mara ya tano nilikuwa bado natetemeka. Ya sita pia. Ya saba nikampa macho makavu. Kwa kweli, Dada, katika maisha yangu yote sijawahi kuigiza vizuri kama mara ile ya saba.

Kwa hiyo Broadnax aliona sawasawa. Alichokiona ulikuwa mchezo. Kile kingine kilikatwa kikatupwa sakafuni, kikafagiliwa.

Kwa nini sikukujibu? Kwa sababu kila nilichowahi kuhisi nimekipeleka jukwaani. Kifo cha Mama niliimba juu yake miaka miwili, mpaka siku moja nikajikuta nafikiria chakula katikati ya machozi. Huzuni ile niliimaliza kwa kuionyesha. Hiki kimoja sikutaka kiishe. Nikajua nikikuambia wewe utakisimamisha mbele ya kanisa, nami nitaitwa nikisimulie, na mimi ninajua kusimulia. Kanisa zima lingelia. Na mimi nisingejua tena kama ni kweli.

Leo sina sauti ya kukinogesha. Ndiyo maana nakuandikia.

Ningependa kulala kushoto kwa Mama. Lakini usiwapigie magoti, na usiwaambie kwamba waliona kitu ambacho hawakukiona. Wakikataa, hapa pia kuna ardhi.

Mdogo wako,
Otha


Tillery Bend
17 Juni 1987

Mdogo wangu Otha,

Hii ndiyo barua ya kwanza ninayoshindwa kukujulia hali, maana hali yako naijua. Mimi nimerudi salama. Magoti yamevimba kwa basi la siku mbili, na mkoba wangu una miwani yako na kijitabu chako cha maneno.

Nakushukuru kwa zile siku tisa kando ya kitanda chako. Nilipoingia chumbani uliandika, “Posta imefika.” Sijui kama mtu aliwahi kucheka na kulia kwa pamoja hospitali ile kama nilivyofanya mimi. Nilikuomba msamaha, ukaandika kwamba malimao yamekwisha. Asubuhi ya mwisho nilikuanzishia wimbo wa Baba, vibaya kama kawaida yangu, mstari mmoja mmoja. Na kila nilipomaliza mstari uliivuta ile nafasi kwa kidole chako juu ya shuka, polepole, mpaka mwisho. Kisha hukuivuta tena.

Leo jioni kuna kikao cha kanisa. Nitasimama na kuisoma barua yako yote, halafu nitaisoma hii. Kwa hiyo kuanzia mstari huu, mdogo wangu, nisamehe, nakugeuzia mgongo kidogo. Nina maneno na waliokaa mbele yangu.

Shemasi Broadnax. Shemasi Tolliver. Mmesikia.

Nianze kwa kukiri. Broadnax, mwaka 1975 ulisema macho yale yalikuwa makavu, na hukukosea. Ni mara moja katika miaka yako sabini na minane, lakini haki yako nakupa mbele ya watu. Nakiri na la pili, ambalo ni zito zaidi. Mimi niliyewatukana kwa kutaka ushahidi niliutaka kuliko nyinyi. Nyinyi mlimnyima ndugu yangu kaburi. Mimi nilimnyima barua miaka kumi na miwili. Na yeye alikuwa akifanya kile kile alichokifanya kwenye benchi lenu akiwa mtoto: alikataa kuinuka kwa ajili ya kuwafurahisha watu.

Mtasema kanuni yetu ni kwamba mtu asimame aueleze wokovu wake kwa kinywa chake. Kinywa chake kilifungwa kwa kisu cha daktari. Mtasema barua si ushuhuda. Hebu fungueni hicho mlichokishika mapajani: nusu ya Agano Jipya ni barua, na walioziandika hawakuwepo kanisani siku ziliposomwa. Mtasema alilipwa. Alilipwa kwa ile ya saba. Ile ya nne walimkemea. Nionyesheni hapa ndani mtu ambaye imani yake ilimletea karipio siku ile ile. Mtasema mchungaji alikuwa wa kukodi. Mzee Gaines alikufa mwaka 1980. Nimempigia simu binti yake, ambaye ni katibu wa kanisa lile. Kitabu chao cha ubatizo kina jina Otha Crume, Mei 1974, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe. Mara moja tu, si saba. Pembeni ameandika: “Ya nne.”

Sikumwomba binti huyo alitafute. Aliniambia kabla sijamaliza kuuliza.

Basi sina swali kwenu tena, wala siombi kura. Otha amekataza kuwapigia magoti, na yangu hayakunjiki. Gari la mwili linafika Ijumaa. Maziko ni Jumamosi saa tano. Tolliver, njoo alfajiri na sepetu, na wanao. Chimbeni kushoto kwa Mama, pale kwenye jiwe langu, miguu ielekee mashariki. Na wewe, Elzie Broadnax: uliyefundishwa na baba yetu, umebaki peke yako duniani unayejua kuuongoza wimbo wake kama ulivyo, na mwaka 1969 ulimkatalia mwanawe kuuongoza. Jumamosi simama kichwani pa kaburi. Utamke mstari wa kwanza. Kisha unyamaze, uache nafasi.

Dada yake,
Ludessa